Kikosi kazi cha pamoja: jinsi FBI inavyopanga kazi ya kupambana na ugaidi

Kikosi kazi cha pamoja dhidi ya ugaidi ni chumba kimoja chenye watumishi wa ofisi nyingi. Mpelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, amekaa na kachero wa polisi wa jiji, jirani yao ni ofisa wa uhamiaji, na jalada wanalolifanyia kazi ni moja. Kila mtu analipwa mshahara na ofisi iliyomtuma, ila kesi ikiwa ya ugaidi wote wako chini ya FBI. Polisi wa jiji anayeingia humo huapishwa kuwa ofisa wa serikali kuu, hupewa kibali cha kusoma nyaraka za siri, na mamlaka yake hayaishii tena mpakani mwa jiji lake.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anaweza kujiuliza mpango huu ni wa nini. Kwetu kuna jeshi moja la polisi la taifa. Marekani ina vyombo vya polisi karibu 18,000: vya miji, vya wilaya, vya majimbo, hata vya vyuo vikuu. FBI ndiyo yenye dhamana ya kupeleleza ugaidi nchi nzima, lakini watu wake ni wachache na hawashindi mitaani. Anayemjua mwenye duka, anayesikia kwamba mpangaji mpya amejaza mapipa ya kemikali chumbani, ni askari wa mtaa. Bila njia ya kumfikisha askari huyo kwenye jalada la FBI, habari yake hufia kituoni.

Kikosi cha kwanza kilianzishwa New York mwaka 1980. Katika miaka ya 1970 jiji hilo lilipigwa mabomu mara kwa mara, mengi yakitegwa na kundi la FALN lililodai uhuru wa Puerto Rico. Mwaka 1979 FBI na polisi wa jiji walikuwa wameunda timu ya pamoja ya kuwasaka majambazi wa benki, na mtindo huohuo wakauhamishia kwenye mabomu: wapelelezi 11 wa FBI, makachero 11 wa polisi. Leo vikosi vya aina hiyo ni takriban 200.

Juu ya vikosi hivyo, makao makuu Washington, iko Idara ya Kupambana na Ugaidi iliyoundwa mwaka 1999. Idara hiyo ina upande wa ugaidi wa kimataifa na upande wa ugaidi wa ndani. Kinachoamua upande ni anayetoa amri au itikadi. Mtu aliyezaliwa Ohio, hajawahi kuvuka bahari, akipanga shambulio kwa jina la al-Qaeda, jalada lake litakwenda upande wa kimataifa.

Lipo neno moja la ndani ya FBI linalotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Kila kesi kubwa ina ofisi mama, yaani ofisi ya mkoa inayolishika jalada, na ofisi nyingine zote huitumikia. Ofisi mama ya kesi za al-Qaeda ilikuwa New York, ambako tayari Juni 1998 baraza la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe lilikuwa limemfungulia Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, mashtaka kwa siri. Ndiyo maana Ijumaa ya Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam kwa kupishana dakika chache, kesi ya marehemu wetu ilikwenda kufunguliwa Manhattan, New York. Walikufa watu 224, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wamarekani walikuwa 12. Wengine waliokufa karibu wote walikuwa watu wa hapa: makarani, wapita njia, abiria wa basi, na wale waliofukiwa jengo la Ufundi, jirani na ubalozi wa Nairobi, lilipoporomoka.

FBI ilituma mamia ya watu wake, wakafanya kazi bega kwa bega na makachero wa Kenya na Tanzania. Walichekecha vifusi. Kutokana na vipande vya vyuma waliyatambua magari yaliyobeba mabomu, Toyota Dyna kwa Nairobi na Nissan Atlas kwa Dar es Salaam, kisha wakafuatilia nani aliyauza na nani aliyanunua. Mohamed al-Owhali, aliyefika kwenye ubalozi wa Nairobi ndani ya gari lenye bomu kisha akaruka na kukimbia, alikamatwa siku chache baadaye akiwa na majeraha, akahojiwa, akaeleza. Mawakili wake wakayapinga maelezo hayo mahakamani wakisema hakuonywa ipasavyo kuhusu haki zake, na jaji akalichambua suala hilo kwa urefu kabla ya kuruhusu sehemu kubwa ya maelezo itumike.

Ubishi huo wa mawakili ndio unaoonyesha FBI ni chombo cha namna gani. Ni polisi, na polisi hujua kwamba siku moja atasimama kizimbani kama shahidi kuulizwa alikipataje kila kitu. Mwaka 2001 wanaume wanne, akiwemo Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, walitiwa hatiani na kufungwa maisha. Familia za Nairobi na Dar es Salaam zilipata majina, ushahidi na hukumu. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu wafiwa wengi wa ugaidi duniani hawajawahi kupata hata kimoja.

Mpango huo ulikuwa na ufa. FBI ni polisi na pia ni idara ya ujasusi wa ndani, na kanuni za mwaka 1995 zilitenganisha habari za kijasusi na upelelezi wa jinai. Wenyewe waliuita utengano huo ukuta. Agosti 2001, wapelelezi wa jinai wa New York waliomba kushiriki kumtafuta Khalid al-Mihdhar, mtu wa al-Qaeda, ambaye ilikwishajulikana kuwa ameingia Marekani. Wakajibiwa kwamba hilo ni suala la kijasusi, wao haliwahusu. Septemba 11 al-Mihdhar alikuwa miongoni mwa walioiteka ndege iliyoipiga Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Sheria iliyopitishwa Oktoba mwaka huohuo iliubomoa ukuta huo, na vikosi vya pamoja, vilivyokuwa 35 tu, vikaanza kuongezwa haraka.

Siku hizi taarifa ikiingia hupimwa kwa ngazi. Ya kwanza ni tathmini, ambayo haihitaji ushahidi wa kosa, inatosha kuwepo sababu halali. Ikijitokeza dalili huwa upelelezi wa awali, na ikiwepo misingi ya kutosha huwa upelelezi kamili, wenye nyenzo nzito zaidi. Tathmini ndiyo inayolalamikiwa na pande zote mbili. Waislamu wengi wa Marekani wamelalamika kwamba kwa ngazi hiyo mtu hufuatwa kwa kuswali tu. Kwa upande mwingine, kikosi cha Boston kilimfanyia tathmini Tamerlan Tsarnaev mwaka 2011 baada ya Urusi kutoa tahadhari, kikalifunga jalada, na Aprili 2013 akalipua mbio za marathoni pamoja na mdogo wake. Jiji la Portland, kwa upande wake, limewahi kuwaondoa askari wake kwenye kikosi kwa sababu viongozi wa jiji hawakuweza kujua askari hao wanafanya nini humo.

Kenya iliunda kitengo chake cha polisi cha kupambana na ugaidi, ATPU, mwaka 2003, baada ya hoteli ya Kikambala kulipuliwa Novemba 2002. Mashirika ya haki za binadamu, MUHURI ya Mombasa ikiwemo, yamekituhumu kitengo hicho kwa miaka mingi kwamba washukiwa hutoweka mikononi mwake. Mtu aliyetoweka hatoi ushahidi wala hashtakiwi, na aliyemtuma hajulikani kamwe. Februari 2020, wiki chache baada ya al-Shabaab kuvamia kambi ya kijeshi ya Manda Bay kule Lamu, Marekani ilitangaza kikosi kazi cha pamoja cha kwanza nje ya nchi yake, makao yake yakiwa Kenya. Wapelelezi ni Wakenya, FBI inafundisha na kushauri, na kesi zinakusudiwa kuishia kwenye mahakama za Kenya.

Jalada la 1998 halijafungwa. Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, aliyeshtakiwa kwa shambulio la Nairobi, aliuawa Mogadishu Juni 2011. Saif al-Adel, kigogo wa al-Qaeda, bado anatafutwa kwa mashtaka ya New York, na zawadi iliyotangazwa kwa atakayetoa habari zake inafika dola milioni 10.