Ziara ya historia ni nini kwa kijana anayesomea nyumbani?

Ukisema Arusha kwamba unawapeleka watoto ziara, watu wanajua unakwenda kuona twiga, kula chipsi kuku na kupiga picha. Kwetu wazazi tunaosomeshea watoto nyumbani neno hilo lina maana finyu zaidi. Ziara ya historia ni safari ambayo kijana anaondoka na swali alilolipata kitabuni, analipeleka mpaka mahali tukio lilipotokea, kisha anarudi na jibu, au mara nyingi na swali jingine. Bila swali, hayo ni matembezi. Matembezi hayana ubaya, ila tusiyaandike kwenye ratiba ya masomo.

Tofauti hiyo niliijua kwa aibu. Niliwapeleka wangu wawili kwenye Boma la Wajerumani, pale mwisho wa Barabara ya Boma, ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia. Sikuwa nimewaambia lolote. Wakapita vyumbani, wakasoma vibao vya asili ya binadamu, na baada ya dakika ishirini walikuwa nje kwenye majani wakiulizia soda. Kosa halikuwa lao. Walikuwa wamesoma vilivyomo ndani ya jengo. Jengo lenyewe, ambalo ndilo ushahidi, sikuwafundisha kulisoma.

Mara ya pili tulianzia mezani, wiki moja kabla, kwa swali moja tu: ngome hii ilijengwa ili kumdhibiti nani? Hapo kijana inambidi arudi nyuma hadi Oktoba 1896, huko Akeri kwa Wameru, ambako wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa. Askari wa Kijerumani chini ya Kapteni Kurt Johannes wakaja kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha. Boma liliposimamishwa, mwaka 1900, waliolazimishwa kulijenga walikuwa watu hao hao walioshindwa. Ukisimama uani unalijua hilo, ukuta mnene hauwi tena mandhari ya kupigia picha. Mwanangu wa kiume, ambaye kwa kawaida humalizi naye sentensi mbili, alikaa pale akiupima ukuta kwa mikono.

Swali halikuishia hapo, na hii ndiyo dalili kwamba lilikuwa swali zuri. Johannes huyo huyo ndiye aliyeitawala Moshi. Tarehe 2 Machi 1900, kule Old Moshi, Mangi (chifu) Meli alinyongwa mtini pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Kwa hiyo swali la Arusha likapanda Kosta likaenda Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, kisha likapanda mlima. Wazee wa huko wanasimulia kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 mafuvu kadhaa yaliyohifadhiwa Berlin yalipimwa vinasaba na kulinganishwa na familia zilizo hai Tanzania. Moja likaoana na ukoo wa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Kijana wa miaka 15 akiambiwa hivyo chini ya mlima wenyewe, anaelewa kwamba 1900 bado haijafungwa.

Ndiyo maana nasema ziara ya namna hii ni ya vijana hasa. Mtoto wa miaka minane anataka hadithi, mpe hadithi. Kijana anaweza kushika masimulizi mawili yasiyolingana bila kuyaangusha. Tena anayesomea nyumbani ana nafasi ambayo shule hainayo: anaweza kwenda Jumanne asubuhi wakati hakuna foleni, na kukaa mbele ya kitu kimoja saa nzima bila mwalimu kupiga filimbi ya kurudi kwenye basi. Anachokosa ni wenzake wa kubishana nao. Sisi huungana familia tatu, Noah moja, gharama ya mafuta tunachanga.

Wale watakaofanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea bado wana muhtasari wa kumaliza, ziara haiufuti. Ila huunyoosha. Kitabu chetu kinaandika Azimio la Arusha, 5 Februari 1967, basi. Kwenye Makumbusho ya Azimio, karibu na Mnara wa Mwenge, binti yangu aligundua kwamba Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha mwishoni mwa Januari. Akauliza: sasa tarehe 5 ni ya nini? Ni ya kutangazwa. Jambo dogo, lakini tangu siku hiyo kila tarehe akiiona anauliza kama ni ya kuamuliwa au ya kutangazwa, na kwa kweli anatuchosha.

Mji huu una mengine ya kutosha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi mwisho wa 2015, na mwaka 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Hiyo naiacha mpaka mtoto afike miaka 16 au zaidi.

Zamu ijayo ni Tengeru, kwenye makaburi ya Wapolandi. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kwa hiyo unajieleza kwanza getini. Swali tumeshaliandika kwenye daftari: majina haya yalifikaje chini ya Mlima Meru? Jibu linaanzia Poland, linapita Siberia na Iran, linashuka Tengeru mwaka 1942. Tumelitengea wiki tatu.