Je, wajua kwa nini valvu ya silinda ya tatu ndiyo huungua kwanza kwenye Kombi?

Injini ya Kombi ya zamani ya Volkswagen ikianza kuishiwa nguvu mlimani na kutetemeka gari likiwa limesimama, fundi aliyeizoea huanza kupima silinda namba tatu kabla ya kugusa nyingine. Silinda zote nne zinafanana. Zote zinatumia oili ile ile na hewa ya feni moja. Sasa kwa nini ya tatu ndiyo itangulie kuumwa?

Jibu liko kwenye njia ya hewa. Kombi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, injini ikiwa nyuma, na silinda nne zikiwa zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Haina rejeta wala maji. Feni inayozungushwa na mkanda huvuta hewa na kuisukuma ndani ya mfuniko mkubwa wa bati, kisha hewa hushuka ikipenya katikati ya mapezi (mbavu nyembamba za kupoozea) ya silinda na ya silinda hedi, ikachukua joto na kutoka nalo chini. Kila silinda mbili zinafunikwa na hedi moja ya alumini, na ndani ya hedi hiyo ndimo kunamokaa valvu, plagi na chumba cha kuchomea mafuta. Sehemu yenye joto kali kuliko zote haina kinga nyingine ila upepo.

Ndani ya mfuniko ule wa bati, upande wa kushoto, walisimamisha kipozeo cha oili, na kilikaa juu ya silinda ya tatu. Kwa hiyo hewa iliyoifikia silinda hiyo ilikuwa imekwisha kupita kwenye oili ya moto, imepashwa na imepungua kasi. Wenzake wanapata chakula kizima, yeye anapata makombo. Watengenezaji walilijua hilo. Kwenye baadhi ya distributa, yaani vifaa vinavyogawa cheche kwa plagi, walichelewesha cheche ya silinda ya tatu kwa nyuzi chache ili kuinusuru, na kwa modeli za 1971 wakakihamishia kipozeo kwenye kisanduku chake kilichotokeza nje ya mkondo mkuu wa hewa. Kisanduku hicho wapenzi wa magari haya wanakiita kibanda cha mbwa. Injini yenye kibanda cha mbwa hupoa vizuri zaidi, na kama ningechagua injini ya zamani ya kukarabati, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekitazama.

Valvu inayoteseka zaidi ni ya kutolea moshi. Ile ya kuingizia inapozwa na mchanganyiko wa hewa na petroli kila inapofunguka, lakini ya moshi inafungukia gesi inayounguza tu. Wokovu wake ni pale inapofunga. Ukingo wake ukilala vizuri kwenye siti, yaani pete inayoikalia, joto hupita kutoka kwenye valvu kwenda kwenye siti, kutoka kwenye siti kwenda kwenye alumini, mpaka kwenye mapezi na hewani. Takribani robo tatu ya joto la valvu hutokea hapo, na linalobaki hupitia kwenye shina kwenda kwenye gaidi, yaani bomba dogo linaloliongoza shina hilo. Muda wa kufunga ndio muda wake wa kupumua.

Sasa fikiria siti imeanza kulika na shina limeanza kurefuka kwa joto. Vyote viwili vinasogeza ncha ya shina karibu na mkono wa roka unaoisukuma valvu ifunguke, na ile nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya ncha hiyo na roka, ambayo kwenye injini ya cc 1600 inapaswa kuwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi, inazidi kupungua. Ikifika sifuri, valvu haifungi tena kikamilifu. Haifungi, kwa hiyo haipoi. Haipoi, kwa hiyo inarefuka zaidi. Gesi ya moto inapenya kwenye upenyo mdogo ule na kuukata ukingo wa valvu, na hapo ndipo inapoungua. Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hiyo: valvu nyingi za moshi za injini hizi zimetengenezwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, kichwa cha chuma cha namna moja na shina la namna nyingine. Zikichoka, kichwa hukatika na kuangukia juu ya pistoni injini ikiwa inazunguka. Pistoni hutoboka, na hedi yenyewe huharibika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaofurahia tapeti zilizonyamaza kabisa. Tapeti inayogonga kidogo inaniacha na amani. Iliyokuwa ikisikika wiki zote, kisha ikanyamaza bila mtu kuigusa, hiyo nataka kuifungua siku hiyo hiyo.

Kabla ya kushusha injini, pima uvujaji. Pistoni ikiwa juu, valvu zote mbili zimefunga, unapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, kisha unasikiliza. Hewa ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya moshi inavuja. Ikisikika kwenye kabureta, ni ile ya kuingizia. Ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, tatizo liko kwenye ringi za pistoni, na hedi hazina kosa.

Hedi ikishafika mezani, kazi inaanza kwa kuosha, na usafi huu ndio utakaokuonyesha ukweli. Nyufa hupenda kukaa kwenye daraja jembamba la alumini kati ya tundu la plagi na siti ya valvu, au kati ya siti mbili, kwa sababu hapo chuma ni kidogo na joto ni jingi. Jicho pekee halitoshi. Unapaka rangi nyekundu inayopenya, unaiacha inywewe, unafuta juu, kisha unapulizia unga mweupe. Baada ya dakika chache mstari mwembamba mwekundu, kama uzi wa kushonea, hujichora wenyewe juu ya weupe ule. Hapo umeupata ufa ambao kidole kisingeuhisi.

Ufa unaweza kuchomelewa kwa mashine ya gesi ya agoni. Lazima uchimbwe kwanza mpaka mwisho wake, hedi ipashwe moto yote ili oili iliyojificha itoke na ili sehemu moja isitanuke peke yake, ndipo fundi ajaze alumini mpya na kuirudisha kwenye mashine ikakerezwe. Lakini joto la kuchomelea hulainisha alumini ya hedi, na hedi iliyolainika haizishiki siti kama zamani. Ufa ulioishika siti, kwa maoni yangu, unatosha kukufanya utafute hedi nyingine.

Gaidi za valvu hupimwa kwa mkono kwanza. Unaingiza valvu, unaiinua kidogo kutoka kwenye siti, halafu unaitikisa upande hadi upande. Kwenye gaidi nzima unahisi mchezo mdogo sana. Kwenye gaidi iliyolika, kichwa cha valvu kinayumba na kugonga kama jino lililolegea. Ukitazama tundu la gaidi kwa mwanga, halina duara tena, limerefuka upande mmoja kama yai, kwa sababu kila mara roka inapolisukuma shina, inalisukuma pia pembeni kidogo. Valvu inayoyumba haitui mahali pamoja mara mbili, kwa hiyo kusaga siti ukaacha gaidi mbovu ni kazi ya bure. Gaidi mpya huingizwa kwanza, hulainishwa tundu lake kwa kipimo cha shina lenye unene wa karibu milimita 8, na baada ya hapo ndipo siti hukatwa kwa kufuata gaidi hiyo hiyo kama mhimili.

Kwenye siti ndiko fizikia inakovutia zaidi. Siti ni pete ya chuma kigumu iliyobanwa ndani ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Maana yake, kadiri injini inavyopata moto ndivyo tundu linavyotaka kuiachia pete. Kwa hiyo siti hutengenezwa kubwa kuliko tundu lake kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na haigongwi kwa nyundo mpaka iingie. Hedi hupashwa kwenye tanuri, siti hugandishwa, halafu vinakutanishwa haraka. Ukifika kwa wakati, siti hudondoka mahali pake kwa uzito wake tu. Ukichelewa sekunde chache, tundu linaibana ikiwa imepinda, na kazi inaanza upya. Injini za 2000 zilizokuja kwenye Kombi mwaka 1976 zinajulikana kwa siti kung'oka zinapopata moto kupita kiasi, na ukielewa habari ya kutanuka hushangai.

Siti ikishakatwa kwa nyuzi 45, valvu husagwa nayo kwa unga laini mpaka mkanda wa kijivu uonekane umezunguka wote bila pengo. Mkanda huo usiwe mwembamba mno kwenye valvu ya moshi, kwa maana ndio daraja la joto. Mimina petroli kidogo kwenye chumba, valvu na plagi zikiwa zimefungwa, usubiri. Isitoke hata tone kwenye tundu la ekzosi. Valvu za kuingizia zilizo nzima zinaweza kurudi. Za moshi weka mpya.

Mahali silinda inapokaa ndani ya hedi huwa pamelika pia, na hapa watu huharibu kwa kutaka kupata uso safi tu. Ukikereza, chumba kinapungua, mgandamizo unapanda, na joto linapanda nao. Tena matundu mawili ya hedi moja lazima yakatwe kina kimoja kabisa. Moja likizidi, hedi itakalia silinda moja vizuri na kuiacha nyingine ikivujisha gesi.

Kuna jambo moja dogo ambalo wengi hulipita. Hedi ikitoka kwenye kalibu, aghalabu vipande vyembamba vya alumini hubaki vimeziba katikati ya mapezi, hasa karibu na valvu za moshi. Inua hedi uielekeze kwenye mwanga. Mahali ambapo mwanga haupiti, hewa nayo haipiti. Saa moja ya tupa na kichimbio kidogo hapo huifaa hedi kwa miaka.

Wakati wa kufunga, kaza nati kwa mfuatano na kwa awamu. Stadi (vyuma vyenye uzi vinavyoishikilia hedi) za milimita 10 hukazwa mpaka nyutoni-mita (Nm) 32, na zile za milimita 8 za injini za baadaye Nm 25. Hiyo si nguvu kubwa. Mkono uliozoea injini za chuma utazidisha na kung'oa uzi kwenye bodi ya injini. Kisha rudisha kila bati la kuongozea hewa, hata lile dogo la chini ya silinda linalotupwa na wengi kwa kuonekana halina kazi, na mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini. Bila mpira huo, hewa ya moto iliyotoka chini hupanda tena juu na kuvutwa na feni mara ya pili.

Baada ya kilomita 500 hivi za kwanza, acha injini ipoe usiku kucha, pima tapeti, na uandike namba za kila valvu kwenye daftari. Siti mpya zinakaa, kwa hiyo nafasi kupungua kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Zipime tena baadaye na uzilinganishe, ukianza na valvu ya moshi ya silinda ya tatu. Ikiwa saba zimetulia na hiyo moja bado inapungua, rudi kwenye mabati na mapezi ya upande wa kushoto kabla ya kuifungua hedi tena.