Je, wajua kwa nini klabu kubwa za Romania hujikuta zikicheza ligi daraja la nne?

Tarehe 14 Aprili 2018, watazamaji zaidi ya 36,000 walimiminika Arena Națională, uwanja mkubwa wa jiji la Bukarest, kutazama mechi ya ligi daraja la nne. Huko Romania daraja la nne ni ligi ya mkoa. Wachezaji wengi wana kazi nyingine za kuwapa riziki, na mechi ya kawaida hutazamwa na ndugu na majirani. Siku hiyo Steaua ya jeshi ilikutana na Academia Rapid, na Rapid wakaondoka na ushindi wa 3–1.

Steaua ndilo jina lililobeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1986 mjini Sevilla, usiku ambao kipa Helmuth Duckadam alipangua penalti nne za Barcelona. Rapid nao ni mabingwa wa Romania mara tatu: 1967, 1999 na 2003. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoporomoka hadi daraja la nne kwa kufungwa uwanjani. Zilianza upya kutoka chini kwa sababu za kisheria. Ukitaka kuelewa ligi za chini za Romania, tenganisha kwanza vitu vitatu: timu inayocheza, jina lenye historia, na kampuni au chama kilichosajiliwa ambacho ndicho kinachodaiwa. Nchini Romania vitatu hivi huachana mara nyingi, na vikiachana mashabiki huachwa wakibishana ni kipi kati yake ndiyo klabu.

Chanzo chake kipo nyuma sana. Kabla ya Vita Kuu ya Pili klabu zilikuwa za watu binafsi, na nyingine zilikuwa na nguvu ya kutisha. Chinezul ya Timișoara ilitwaa ubingwa mara sita mfululizo, 1922 hadi 1927. Ripensia ya mji huohuo, klabu ya kwanza ya kulipwa Romania, ilianzishwa 1928 ikachukua mataji manne. Utawala wa kikomunisti ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1940, klabu za namna hiyo zikafutwa au zikakosa pumzi. Mpira ukapangwa upya kwa mfano wa Kisovieti: kila timu ikawa chini ya wizara, kiwanda au chama cha wafanyakazi. Jeshi lilikuwa limeanzisha timu yake tangu 1947, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ikaja kuitwa Steaua, yaani nyota, mwaka 1961. Wizara ya Mambo ya Ndani ikawa na Dinamo.

Ndiyo maana majina ya klabu za Romania yanasomeka kama orodha ya viwanda. Petrolul ni mafuta, Oțelul ni chuma cha pua, Chimia ni kemia, Minerul ni mchimba madini, Tractorul ni trekta. CFR ni kifupi cha shirika la reli la taifa. Recolta, yaani mavuno, liliwakaa vizuri wakulima wa ushirika, na hadi leo utalikuta katika ligi za mikoa. UTA ya Arad ilizaliwa katika kiwanda cha nguo mwaka 1945. Miaka ya 1950 iliitwa Flamura Roșie, bendera nyekundu, kisha ikarudishiwa jina lake. Timu hiyo ya kiwanda cha nguo ndiyo iliyoitoa Feyenoord, waliokuwa mabingwa watetezi wa Ulaya, msimu wa 1970/71: sare ya 1–1 Rotterdam na 0–0 Arad.

Hata mji haukuwa kitu cha kudumu. Petrolul inajulikana kama klabu ya Ploiești, mji wa visima na mitambo ya mafuta, lakini ilizaliwa Bukarest mwaka 1924 kwa jina la Juventus na kuhamishiwa Ploiești 1952. Ubingwa ambao Juventus ya Bukarest iliuchukua 1930 ndio unaohesabiwa kuwa taji la kwanza kati ya manne ya Petrolul. Anayedhani vita vya kugombea historia vilianza juzi aanzie hapo.

Chini ya mfumo huo mchezaji aliandikwa kama mfanyakazi wa kiwanda na mshahara wake ulitoka huko. Uwanja, basi na jezi vilitoka huko pia. Klabu yenyewe haikumiliki chochote. Fedha zilifuata ukubwa wa kiwanda, na pia zilifuata nani anamjua nani. Scornicești, kijiji alikozaliwa Nicolae Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti, kilikuwa na timu iliyoitwa FC Olt. Msimu wa 1977/78, ikiwa daraja la tatu na ikiwania kupanda kwa tofauti ya mabao dhidi ya Flacăra Moreni, ilishinda mechi ya mwisho 18–0. Mwaka uliofuata ikapanda tena, na kuanzia 1979 ikakaa ligi kuu hadi utawala ulipoanguka. Mwezi Januari 1990, wiki chache baada ya mapinduzi, FC Olt na Victoria Bukarest, timu ya polisi iliyokuwa imefika robo fainali ya Kombe la UEFA msimu uliotangulia, ziliondolewa katikati ya ligi.

Hizo mbili zilikufa kwa amri. Nyingine nyingi zilikufa polepole, na hapo ndipo penye historia halisi ya madaraja ya chini. Viwanda vilipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu zilikosa mlipaji. Mgodi ukipunguza watu, timu ya mgodi inashuka daraja. Tanuru likizimwa, timu inabaki na uwanja ulioota majani ambao hata si wake, maana ni wa kiwanda au wa manispaa. Baadhi zilipata tajiri. CFR Cluj ilikuwa daraja la tatu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikapata mwekezaji, ikapanda ligi kuu 2004 na kuwa bingwa 2008. Lakini tajiri akichoka au akikamatwa na matatizo yake, klabu inarudi palepale. Unirea ya Urziceni, mji wenye watu wasiofika 20,000, ilikuwa bingwa 2009 chini ya kocha Dan Petrescu, ikaifunga Rangers 4–1 Glasgow katika Ligi ya Mabingwa, na kufikia 2011 ilikuwa imeshuka daraja na kuvunjwa.

Kifo chenyewe kina hatua zake, na ni vyema kuzijua kwa sababu magazeti ya Romania hutumia maneno mawili yasiyo sawa. La kwanza ni insolvență: klabu imeshindwa kulipa, mahakama inaweka msimamizi, wadai wanazuiwa kukamata mali, na unatengenezwa mpango wa kulipa madeni kidogo kidogo. Timu huendelea kucheza, na zipo zilizotoka salama. La pili ni faliment: mpango umeshindikana, kampuni inafilisiwa, mali zinauzwa, wachezaji wanakuwa huru na nafasi ya timu kwenye ligi inapotea. Rapid walipita njia yote hiyo. Kiangazi cha 2016 walikuwa wamepata nafasi ya kupanda ligi kuu kwa matokeo ya uwanjani, lakini hawakuafikiana na wadai, na badala ya kupanda wakafilisiwa. Petrolul walifilisika mwaka huohuo.

Kuanza upya ndiko kuliko rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya vyama ya Romania inataka waanzilishi wasiopungua watatu, katiba ya chama na usajili mahakamani. Kisha unaomba cheti cha utambulisho wa kimichezo serikalini, halafu unajiunga na chama cha soka cha mkoa. Timu mpya huingia ligi ya mkoa wake. Hairuhusiwi kudai daraja la klabu iliyokufa, hata kama kocha, jezi na mashabiki ni walewale.

Ugumu unakuja kwenye kupanda. Romania ina mikoa 41 pamoja na jiji la Bukarest, na kila mmoja una Liga IV yake, yaani daraja la nne. Bingwa wa mkoa hapandi moja kwa moja. Mabingwa hao 42 hupangwa wawili wawili katika mchujo, na washindi 21 ndio wanaoingia Liga III. Unaweza kumaliza msimu mzima bila kupoteza mechi, ukapoteza mchujo na kurudi ulikotoka. Steaua ya jeshi, baada ya kuachwa na Rapid 2018, ilitwaa Liga IV ya Bukarest mwaka uliofuata, halafu ikang'olewa kwenye mchujo na Bolintin Malu Spart, timu ya kijijini kutoka mkoa wa Giurgiu. Ilipanda 2020. Rapid walirudi ligi kuu 2021, Petrolul 2022, Oțelul ya Galați 2023. Kwa klabu yenye mashabiki na fedha za manispaa, hesabu ni miaka minne hadi saba hivi.

Mwanzilishi mpya pia anakuta mtego kwenye jina. Jina na nembo ni alama za biashara, kwa hiyo kampuni ikifilisiwa huuzwa kulipa madeni. Za Rapid zilinunuliwa kwenye mnada. Kwa upande mwingine, tangu 2019 kanuni za nidhamu za FIFA zinatambua mrithi wa kimichezo: klabu mpya yenye makao, jina, rangi, wachezaji au wamiliki walewale inaweza kubebeshwa madeni ya ile iliyokufa. Ukijitangaza kuwa wewe ndiye yule wa zamani, mdai wa zamani naye anakusikia.

Mgogoro wa Steaua ndio mkali kuliko yote. Timu ya mpira ilitengana na klabu ya jeshi 1998, na miaka michache baadaye ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara Gigi Becali. Jeshi lilidai kuwa jina halikuwahi kutolewa, na mwishoni mwa 2014 mahakama kuu ikakubaliana nalo. Timu ya Becali ikalazimika kujiita FCSB mwaka 2017, na jeshi likafufua idara yake ya mpira katika daraja la nne. Kwenye kumbukumbu za UEFA kombe la 1986 limeandikwa chini ya FCSB, wakati jeshi linashikilia kuwa ni lake na limekwenda mahakamani kulidai. Msimu wa 2022/23 Steaua ya jeshi ilimaliza ya pili Liga II, nafasi ya kupanda, ikanyimwa: ikiwa idara iliyo moja kwa moja chini ya Wizara ya Ulinzi, haikutimiza masharti ya ligi kuu. Craiova nako kulitokea klabu mbili, CS Universitatea na FC U Craiova 1948, na kila moja ilijiita mrithi wa Universitatea iliyofika nusu fainali ya Kombe la UEFA 1983.

Kwa hiyo ukiona jina refu kwenye msimamo wa Liga III, lisome taratibu. ACS ni chama cha michezo kilichosajiliwa, kwa kawaida kichanga. CSM ni klabu ya manispaa, CSO ya mji mdogo, CSC ya kata ya vijijini. Hizi tatu zinaishi kwa bajeti ya halmashauri, na mara nyingi meya akibadilika bajeti hubadilika. SA mwishoni ni kampuni ya hisa. Mwaka ulioandikwa kwenye jina ni wa kuangaliwa kwa makini. Corvinul 1921 ya Hunedoara inataja mwaka wa klabu ya kale, wala si wa usajili wa sasa. CSC 1599 Șelimbăr haina uhusiano wowote na mpira wa karne ya 16: hapo Șelimbăr ndipo mtawala Mihai Viteazul aliposhinda vita mwezi Oktoba 1599.

Hiyo Corvinul ilikuwa klabu ya kiwanda cha chuma. Ilimaliza ya tatu ligi kuu 1982 ikiwa na kocha kijana Mircea Lucescu, kisha ikaporomoka pamoja na kiwanda, ambacho tanuru zake zilizimwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 15 Mei 2024 mjini Sibiu, ikiwa Liga II, ilicheza fainali ya Kombe la Romania dhidi ya Oțelul ya Galați, klabu nyingine ya chuma, bingwa wa 2011 aliyefilisika na kuanza tena ligi ya mkoa 2016. Dakika zilikwisha kwa 2–2. Corvinul wakashinda 3–2 kwa matuta na kubeba kombe wakiwa daraja la pili, jambo ambalo timu za daraja la pili za Reșița 1954 na Turda 1961 ziliwahi kulifanya, nazo pia zikiwa za miji ya viwanda.