“Alifanya Makusudi”: Dhana Inayovunja Urafiki

Sentensi ninayoisikia kuliko zote katika kazi yangu ya unasihi hapa Kigoma ni hii: “Alifanya makusudi, mimi namjua.” Juzi ilitoka kwa mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, ninayemtaja kwa ruhusa yake. Alikuwa amemwomba mwenzake amwanulie dagaa mvua ikianza, akarudi akakuta wameloa kichanjani, na tangu siku hiyo hakuitikia tena salamu ya mwenzake. Nilipomuuliza alijuaje kwamba lilikuwa kusudio, alinitajia ndoo tatu za dagaa zilizoharibika.

Hapo ndipo dhana potofu ilipo: ukubwa wa hasara unageuzwa kuwa ushahidi wa nia, ilhali ndoo hazisemi lolote kuhusu moyo wa mtu. Mwaka 1967, huko Marekani, wanasaikolojia Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, na hata wasomaji walioambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande waliendelea kudhani kwamba anaamini alichoandika. Ikiwa sharti lililotamkwa waziwazi halikuzuia hukumu, sharti tusilolijua litaizuiaje? Nawasihi wanaonijia, na nitaendelea kuwasihi hata wakinichoka, waulize “Ilikuwaje?” kabla ya kununa. Wasiulize “Kwa nini umenifanyia hivi?”, kwa sababu swali hilo limeshahukumu.

Wapo wanaosema nia haina uzito, maumivu ni maumivu tu. Si kweli. Mwaka 2008 wanasaikolojia Kurt Gray na Daniel Wegner walionyesha kwamba shoti ile ile ya umeme humuuma mtu zaidi anapoamini kuwa mwenzake amemchagulia kwa makusudi.

Wengine hudhani kwamba asiyekusudia hana wajibu wowote. Aliyelewa akasahau kuanua hakukusudia, lakini kulewa kulikuwa hiari yake. Na mwanasaikolojia Bernard Weiner alieleza kwamba kosa ambalo mtu angeweza kulizuia huamsha hasira, na lililo nje ya uwezo wake huamsha huruma. Mama wa Kibirizi alipouliza hatimaye, aliambiwa kwamba mtoto wa mwenzake alishikwa na degedege wakati mawingu yakikusanyika, naye akauliza hali ya mtoto kabla ya kutaja ndoo.