“Nitalipa nikiugua” na mengine ninayoyasikia hospitalini Mombasa

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii katika hospitali ya umma hapa Mombasa. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani na bili haijalipwa, faili lake huja mezani kwangu, na jamaa zake huja kukaa kwenye benchi nje ya mlango. Ni makuli wa soko la Kongowea, madereva wa tuktuk, kina mama wa mahamri na viazi karai, mafundi wa Magongo, wasichana wanaofua nguo Nyali na Bamburi. Hakuna hata mmoja wao asiyejua thamani ya shilingi. Ila kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma hapa Kenya, wameshikilia mambo wanayopokezana kwenye feri, barazani na msibani. Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja mpaka nimeona niyaandike.

“Nitalipa siku nikiugua”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. “Miaka mitano sijameza hata panadol, nilipe ya nini?” Anayesema hivyo aghalabu ni kijana mwenye nguvu zake, au baba anayewasemea mke na watoto ambao hakuwauliza.

Tuanze na upande wake yeye. Asiye na mshahara hulipa SHA mchango wa mwaka mzima, si wa mwezi kama enzi za NHIF, bima ya umma iliyoitangulia. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ukisema utalipa siku ukiugua, umekubali kuitafuta pesa hiyo usiku wa manane mgonjwa wako akiwa kwenye machela. Na kulipa si kutuma pesa tu. Kwanza usajiliwe kwa kitambulisho, kisha ujibu maswali ya kupima uwezo wa kaya, ndipo uambiwe kiasi chako. Usiku huo ndipo tunapogundua kwamba kitambulisho kimebaki Kwale, laini ya simu iliyosajiliwa ni ya shemeji, na mwenye kuyajua majibu ya maswali ndiye aliyelala na mpira wa oksijeni puani. Nimewaona watu wazima wakilia kwa sababu ya laini ya simu.

Kinachofuata kila mtu wa hapa anakijua. Kikundi cha WhatsApp hufunguliwa, picha ya mgonjwa hutumwa, nambari ya mweka hazina hubandikwa juu. Wa kwanza hutoa 500, wa mwisho 50, na kitanda kinahesabiwa kila siku inayopita. Mchango ukikwama huuzwa kitu: cherehani, pikipiki, friza ya samaki. Huuzwa kile kile kilichokuwa kikileta chakula, na familia hurudi nyumbani na mtu aliyepona lakini hana kazi ya kurudia.

Sasa upande wa mfuko, ambao watu hawapendi kuusikia. Chukua mgonjwa wa figo. SHA ilipoanza ilitangaza kulipia shilingi 10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu. Kikao kimoja tu kinameza mchango wa mwaka wa karibu kaya tatu zinazolipa kiwango cha chini. Wagonjwa wengi husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hivyo ni vikao 104 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 1.1. Mtu huyo mmoja anahitaji kaya zaidi ya 300 zilizolipa na hazikuugua mwaka huo. Kila mtu akingoja mpaka augue, hao 300 watatoka wapi?

Wengi wenu mmo katika vyama vya kuzikana. Mnatoa kila mwezi, na sijasikia mtu akidai arudishiwe zake kwa kuwa mwaka umekwisha hajafiwa. Bima ya umma huendeshwa vivyo hivyo, isipokuwa hii hutoa wakati mtu bado yu hai.

Kufikia 2025 watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wamesajiliwa nchini, lakini wasio na mshahara waliokuwa wakilipa walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Mzigo ukawaangukia walioajiriwa, ambao hukatwa asilimia 2.75 kabla mshahara haujawafikia. Hospitali kucheleweshewa malipo kuna sababu nyingi, na si zote za mwananchi, lakini mfuko usiojaa ni mojawapo. Hospitali isipolipwa, stoo ya dawa inakauka. Stoo ikikauka, wewe uliyezibana 3,600 zako unaandikiwa karatasi ukanunue dripu na glavu duka la dawa ng’ambo ya barabara.

Nikifika hapo huja jibu lililokwisha andaliwa: “Si nikishindwa mtanisamehe?”

Msamaha wa bili upo, na kuupendekeza ni sehemu ya kazi yangu. Nimeuandika kwa bibi asiye na mtu, nimeuandika kwa kijana aliyeokotwa barabarani bila jina, na nitaendelea kuuandika. Vilevile Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utaachwa ufe mlangoni. Lakini sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya iliziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazokusanya na kuzitumia papo hapo. Bili ninayoifuta leo ilikuwa inunue glavu, mafuta ya jenereta na dawa za wadi. Anayelipia msamaha wako ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Ndiyo maana nauliza maswali mengi na kutaka kuona nyumba, na ndiyo maana napandwa na hasira mtu anaponiambia aliuweka msamaha kwenye mipango yake tangu mwanzo.

Ushauri wangu, ambao kina mama wa vikundi wameshanizoea nao: itumieni chama. Mkiwa kumi na wawili na kila mmoja akatoa 300 kwa mwezi, mna 3,600 mkononi, na hiyo ni kaya moja imelipiwa mwaka mzima. Mwezi ujao kaya ya pili. Mwaka ukiisha nyote kumi na wawili mmeingia, na hakuna aliyetoa zaidi ya 300 kwa mwezi. Msipige kura ya nani aanze. Aanze mjamzito, kisha mwenye presha au sukari, kisha mwenye watoto wadogo. Mwanachama ambaye tathmini imempa kiwango cha juu aongeze tofauti yake mwenyewe. Asiye na chama anaweza kutumia mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioanzishwa 2025, ambapo mchango wa mwaka hulipiwa kwa mkopo, nawe ukaurudisha kidogo kidogo kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Mimi napendelea chama kwa sababu wenzako watakugongea mlango ukisahau.

“Nimeshajisajili, kwa hivyo nina bima”

Una nusu. SHA ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaotokana na kodi, na huu hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Hapo kujisajili kunatosha. Wa pili ni mfuko wa bima, unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua na mengineyo ya hospitali kubwa, na hapo lazima uwe umelipa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaochukua mzigo pale kiwango cha mfuko wa bima kinapokwisha. Kwa saratani, kwa mfano, mfuko wa bima ulitangazwa kulipa hadi shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na huu wa tatu ukaongeza 150,000.

Wanaoumizwa zaidi na mkanganyiko huu ni wajawazito. Wanakuja leba wakisema Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kujifungua bure, itawalipia. Linda Mama ya zamani haipo tena. Mahali pake pamechukuliwa na Linda Jamii iliyo ndani ya SHA, na kujifungua kunalipiwa na mfuko wa bima: shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, kwa aliyekamilisha mchango. Mama, ukiona kitabu cha kliniki kimefunguliwa, siku hiyo hiyo ulizia malipo ya SHA. Usingoje mwezi wa tisa wa mimba. Na ile kadi ya NHIF iliyo kwenye droo haitakusaidia. NHIF ilikoma na SHA ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024, na usajili ulikuwa mpya.

“SHA inamkamua maskini kuliko NHIF”

Tufanye hesabu. Chini ya NHIF kila asiye na mshahara alilipa 500 kwa mwezi, awe muuza karanga wa Likoni au mwenye maduka matatu mjini. Sasa kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya. Kaya inayokadiriwa kupata 20,000 kwa mwezi inatakiwa kulipa 550. Inayopata chini ya kama 10,900 inalipa 300, pungufu ya zamani. Mwajiriwa wa 100,000 alikuwa akikatwa 1,700 na sasa anakatwa 2,750. Kwa kipimo hicho mwenye nacho ndiye aliyeongezewa, na naona ni haki.

Walalamishi wana hoja moja nzito, nayo ni kulipa mwaka kwa mkupuo. Mtu anayepata riziki yake jioni kwa jioni hawezi kukaa na 3,600 mfukoni. Walioandika utaratibu huo walikuwa wakifikiria mtu wa mshahara, na hili nimelisema kwenye kila kikao nilichoalikwa.

“Maswali ya choo na paa ni ya kodi”

La. Tathmini huuliza ukuta, sakafu, choo, maji, unachopikia na idadi ya watu nyumbani kwa sababu hakuna hati ya mshahara ya kuangalia. Mwisho wake ni kukadiria mchango wako. Jibu kweli. Usijitie kuni wakati unapikia gesi, wala usijitie sakafu ya vigae kwa kuona haya mbele ya mhudumu wa afya wa mtaa. Hiyo haya nimeiona ikimpandishia mtu kiwango.

“Asiye na kitu hana lake huko”

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inasema michango ya wasiojiweza italipwa na serikali. Oktoba 2025 ulizinduliwa mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 kote nchini. Ni mwanzo, na hautoshi. Ukipita Bangladesh kule Jomvu, au ndani ya Muoroto, utaona kaya ambazo hata 300 ni ndoto, na nyingi haziko kwenye orodha yoyote. Hakuna nchi iliyowafikishia maskini wake bima kwa michango ya maskini wenyewe. Pesa hiyo lazima itoke kwenye kodi. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Kaunti nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Makueni ilianzisha mpango wake 2016, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Mombasa yenye bandari na hoteli haishindwi kuwalipia wazee wake. Waulizeni madiwani wenu hilo wakati bajeti inasomwa. Kwa sasa, kama uko katika hali hiyo, jisajili na tathmini ifanywe hata kama huna senti, maana asiyeonekana kwenye rekodi hawezi kuteuliwa.

“Bima ni haramu”

Mimi si shehe na sitoi fatwa. Ninachoomba ni kwamba unapokwenda kumuuliza shehe wako, umweleze kitu kama kilivyo: huu ni mfuko wa umma ulioundwa kwa sheria, hauna wenye hisa wanaogawana faida, na kinachobaki ni cha kutibu wengine. Mkopo wa Pole Pole ni jambo jingine, muulize kando. Kama moyo wako hautulii juu ya mkopo, rudi kwenye chama.

“Dispensari ni ya panadol tu”

Mtu anatoka Mtongwe na homa ya kawaida, anavuka feri, anapanda matatu hadi hospitali kuu ya Makadara, anapanga foleni tangu alfajiri, halafu analaumu hospitali kwa kumchelewesha. Kituo kilicho karibu naye kingempima malaria na kumpa dawa, na mfuko wa afya ya msingi ungekilipa kituo hicho kwa kumhudumia. Vituo vya ngazi ya chini hupata pesa hizo kutokana na wagonjwa waliosajiliwa wanaotibiwa pale, kwa hiyo zahanati mnayoikimbia ndiyo mnayoifukarisha. Wanaoishi na presha na sukari ndio hasa ninaowataka wahamie huko kwa dawa zao za kila mwezi, wajulikane kwa majina na wapimwe bila foleni ya asubuhi nzima. Kama hujui umesajiliwa au la, piga *147# kwenye simu yoyote, hata ile ya kitochi. Ukikwama, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako, yule mwenye mkoba anayepita nyumba kwa nyumba. Kukusajili ni kazi yake, na humlipi chochote.