"Weka Bezi": Ushauri Uliowaumiza Watangazaji Wanawake

Mwanafunzi aliyenijia juzi ana sauti safi kabisa. Nilipompa taarifa fupi ya habari aisome, akakohoa, akakandamiza kidevu kifuani, na ikatoka sauti ya mtu mwenye mafua. Nikamuuliza anafanya nini. "Naweka bezi, mwalimu, sauti iwe nzito. Sauti ya mwanamke haibebi habari."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Wengine huongeza kwamba hata wale wanawake wa kwanza kushika maikrofoni walifaulu kwa kuiga sauti za wanaume. Si kweli, na kila mara inanilazimu nianze kozi kwa kurekebisha koo la mtu ambalo halikuwa na kasoro.

Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume mzima huwa kama hezi (mitetemo kwa sekunde) 85 hadi 180. Wa mwanamke, kama 165 hadi 255. Tofauti ipo, sibishi. Lakini kinachomwezesha msikilizaji kulitambua neno ni konsonanti zaidi kuliko mtetemo huo wa chini. Sauti kama s na f zina nguvu yake juu huko, kilohezi 4 (yaani hezi 4,000) na zaidi, na za wanawake kwa kawaida hukaa juu kuliko za wanaume. Sasa itazame redio ya miaka ya 1920. Nchini Marekani kila stesheni ilitengewa nafasi ya kilohezi 10, ambayo kwa mfumo wa wakati ule iliacha kama kilohezi 5 tu za sauti yenyewe. Maikrofoni na spika za siku hizo nazo zilikuwa hafifu kwenye masafa ya juu. Kwa hiyo kilichokatwa ni kile hasa kilichobeba konsonanti za mwanamke. Msikilizaji alipata maneno yasiyo na makali, na akiongeza sauti ya redio, inamchoma masikio bila kueleweka. Mtambo ulishindwa, lawama akabebeshwa mwanamke.

Baadaye mitambo ikaboreka, lakini hukumu ikabaki vilevile. Sheila Borrett aliingia hewani BBC Julai 1933 kama mtangazaji wa kike wa kwanza wa idhaa yake ya taifa, na haikupita miezi mitatu wakamwondoa kwa sababu ya malalamiko ya wasikilizaji. Nan Winton akasoma habari za kitaifa kwenye televisheni ya BBC mwaka 1960, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale. Mwaka uliofuata naye akaondolewa: watazamaji, walisema wakubwa, hawakubali mwanamke asome habari za usiku. Ilibidi kusubiri hadi 1975 ndipo Angela Rippon akawa msomaji wa kudumu. Kati ya 1961 na 1975 zoloto la mwanamke, kiungo cha sauti kooni, halikubadilika hata chembe. Waliobadilika ni wakubwa, na masikio ya watu yakazoea.

Na kama bado unaamini habari hutaka sauti kamilifu, mfikirie Barbara Walters, mwanahabari wa Marekani. Herufi r ilimsumbua hadi vipindi vya vichekesho vikawa vinamwigiza. Mwaka 1976 mtandao wa televisheni wa ABC ulimpa kiti cha mtangazaji mwenza wa taarifa ya habari ya jioni kwa mkataba wa dola milioni 1 kwa mwaka, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho katika mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani. Kilichompandisha ni maswali yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mary Marvin Breckinridge, aliyetangaza kwa ajili ya CBS, mtandao wa redio wa Marekani, kutoka Ulaya Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Akiwa Berlin mwaka 1940, kila neno lake likipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa Kinazi, alizungumzia gazeti la chama chao. Akasema kaulimbiu ya gazeti hilo muhimu ni "Uhuru na Mkate". Kisha akamalizia: mkate bado upo. Mkaguzi alikuwa na maandishi mbele yake na hakuona la kufuta. Hebu isome mwenyewe kwa sauti, upumzike kidogo kabla ya "mkate", uone kama unahitaji bezi. Uzito wote umo katika mpangilio wa maneno na pale unapovuta pumzi.

Ndiyo maana wanafunzi wangu huja darasani na penseli. Mkwaju (/) mmoja pumzi fupi, miwili pumzi ndefu, mstari chini ya neno moja tu katika kila sentensi. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili p na b zisipige puu. Sauti iache ilipo. Ukiikandamiza kila siku unachosha nyuzi za sauti, na baada ya miezi kadhaa unabaki na mkwaruzo unaokupeleka kwa daktari.

Wapo wanaosema waanzilishi hawa walikuwa wa mbele ya maikrofoni tu, wanaume wakipanga mambo nyuma. Hilda Matheson alikuwa mkuu wa vipindi vya mazungumzo wa BBC tangu 1927. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba redio si mkutano wa hadhara, kwamba mtu aliyeketi nyumbani anataka kusemeshwa kama mtu mmoja. Aliwafanyisha wazungumzaji mazoezi na kuzigeuza hotuba zao ziwe maongezi. Kila mtangazaji anayesema leo "msikilizaji wangu" anatembea katika njia aliyoichonga yeye.

Eti walianzia mapishi na mitindo kwa sababu ndiyo waliyoyaweza? Walipangiwa huko. Pauline Frederick, mwanahabari Mmarekani, alipofika kwenye mikutano mikuu ya vyama vya siasa ya mwaka 1948 kwa ajili ya televisheni, alitumwa kuwahoji wake za wagombea, na kuwapaka vipodozi pia. Baadaye akaripoti Umoja wa Mataifa kwa miaka zaidi ya 20, na mwaka 1976 akaongoza mdahalo wa urais kati ya Ford na Carter. Clare Hollingworth naye, mwandishi wa gazeti Mwingereza, mwaka 1939, akiwa na siku chache tu kazini, aliona kwa macho yake vifaru vya Ujerumani vimejipanga karibu na mpaka wa Poland na akaandika habari hiyo kabla vita havijaanza.

Na hii ya kwamba walikuwa Waingereza na Wamarekani tu, inatokana na vitabu vya nani unavisoma. Saeeda Bano alianza kusoma habari kwa Kiurdu All India Radio, redio ya taifa ya India, Delhi, tarehe 13 Agosti 1947, siku mbili kabla ya uhuru wa India. Tanzania, akina Fatma Alloo na wenzake walianzisha TAMWA mwaka 1987, chama cha wanahabari wanawake, wakaitumia kalamu na redio kuyasema hadharani mambo yaliyokuwa yakifichwa majumbani. Edda Sanga, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa TAMWA, alikuwa sauti ya Radio Tanzania kwa miaka mingi. Ukipata rekodi zake za zamani, zisikilize kwa spika za sauti, si za simu.