Damu Katika Mkojo na Saratani ya Figo Inayofika Moyoni

Malalamiko ya jamaa za wagonjwa wanaokwama kwa kukosa stakabadhi yameilazimu idara yetu hapa Kisumu kutoa maelezo haya, kwani mgonjwa ambaye saratani ya figo imemfika moyoni hana muda wa kupoteza.

Saratani hii hukua ndani ya mshipa unaotoa damu kwenye figo, ikaingia katika mshipa mkubwa uitwao vena kava ya chini, kisha ikapanda humo hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo, ikiwa bado imeshikamana na uvimbe wa figo kama mboga ya kutambaa isiyoachana na shina lake. Miguu huweza kuvimba na pumzi kukatika. Kipande kikimeguka na kuziba mshipa wa mapafu, mgonjwa anaweza kufa ghafla.

Si kweli, na tumelisema hili mara nyingi, kwamba kila mkojo wa damu ni kichocho. Kichocho kilichoenea zaidi kando ya Ziwa Viktoria hushambulia utumbo na ini, si njia ya mkojo. Damu ya saratani ya figo mara nyingi haina maumivu, na huweza kukoma yenyewe. Kukoma huko si kupona.

Wala si kweli kwamba ikifika moyoni matibabu yamekwisha. Iwapo haijasambaa kwenye viungo vingine, kuondoa figo pamoja na uvimbe uliomo mshipani kwaweza kumwongezea mgonjwa miaka, ingawa ni upasuaji mzito unaowakutanisha wapasuaji wa figo na wa moyo, na mara nyingi huhitaji mashine ya kuzungusha damu.

Mgonjwa aje na barua ya rufaa yenye muhuri, kitambulisho, matokeo ya vipimo vya damu, na picha zenyewe za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili, kwani ripoti pekee haimwonyeshi mpasuaji ncha ya uvimbe ilipo. Usajili wa SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hufanywa kwa *147#, lakini kusajiliwa siko kulipiwa: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na ajira rasmi hukadiriwa mapato ya kaya, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Hospitali huomba idhini kabla ya upasuaji, na mchango usipokuwa hai idhini haitoki. Tunawasihi wanaongoja siku ya kulazwa ndipo waanze kuchangisha: lipeni sasa, na damu ikionekana, hata mara moja, nendeni mkapimwe kwa ultrasaundi.